Nasaba, Kipimo na Dhamana: Fikra Juu ya Maonyesho ya Mbwa na Paka

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukiichukua methali hii kama ilivyo, hatuoni sababu ya mtu kumwosha mbwa wake, kumchana manyoya, kumpeleka uwanjani na kumtembeza mbele ya mwamuzi ili atangazwe kuwa ni mzuri. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja na sitini watu wamekuwa wakifanya hivyo, kwanza Uingereza, kisha Ulaya na Marekani, na hatimaye katika pembe nyingi za dunia, Nairobi ikiwa miongoni mwao. Swali ninalotaka tulijadili, walimu wenzangu, halihusu kama mchezo huu ni wa matajiri au wa maskini. Swali ni hili: mtu anapompima kiumbe hai kwa kipimo alichokitunga mwenyewe, anakuwa na deni gani kwa kiumbe huyo? Na yule anayetamani kuanza leo, yampasa ajiulize nini kabla hajashika kamba ya mbwa au kibanda cha paka?

Huenda msomaji akauliza, mambo ya mbwa na paka yana uhusiano gani na walimu wa lugha? Uhusiano upo, tena ni wa karibu. Maneno yanayotawala maonyesho hayo ni nasaba, asili, safi, halisi na sanifu. Na kinyume chake ni koko na shenzi. Maneno haya tunayatumia kila siku darasani na nje ya darasa, pengine bila kuyapima uzito. Kila neno la kusifu humwacha mtu nje, na kila kipimo kina mtu aliyekitunga. Ni vyema basi tutazame jinsi maneno hayo yanavyofanya kazi mahali ambapo matokeo yake huonekana kwa macho, yaani katika mifupa, pumzi na mwendo wa mnyama.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Wengi hudhani kwamba katika maonyesho mbwa hushindanishwa na mbwa mwenziwe, kama wanariadha wanavyoshindana mbio. Sivyo. Kila aina ya mbwa, na kila aina ya paka, ina maelezo yaliyoandikwa na chama: kimo, uzito, umbo la kichwa, mkao wa masikio, rangi, manyoya, mwendo na hata tabia. Mwamuzi huyabeba maelezo hayo akilini mwake, kisha humtazama mnyama aliye mbele yake na kujiuliza ni umbali gani uliopo kati ya huyu na yule aliyeandikwa. Mshindi ni yule aliye karibu zaidi na maandishi. Kwa hiyo maonyesho ni mtihani, na maelezo yale ndiyo majibu sahihi yaliyokwisha andikwa kabla ya mtahiniwa kuzaliwa. Sisi walimu twaujua vizuri mtihani wa namna hiyo, faida zake na hatari zake.

Desturi hii ina tarehe zake. Maonyesho ya mbwa yanayohesabiwa kuwa ya kwanza rasmi yalifanyika mwezi wa Juni mwaka 1859 katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza. Walioingia ni mbwa wa kuwinda ndege tu, na zawadi zilikuwa bunduki. Mwaka 1873 kikaundwa London chama kilichojulikana kwa jina la The Kennel Club, na mwaka uliofuata kikatoa daftari lake la kwanza la nasaba. New York nayo ikaanza maonyesho yake ya Westminster mwaka 1877. Mwaka 1891 Charles Cruft alianzisha maonyesho yanayobeba jina lake hadi leo. Upande wa paka, Harrison Weir, mchoraji na mpenzi mkubwa wa wanyama, aliandaa maonyesho katika jumba la Crystal Palace, London, mwezi wa Julai mwaka 1871. Nia yake ilikuwa kuwaonyesha watu kwamba paka, ambaye wakati ule alidharauliwa kama kifaa cha kukamatia panya, alistahili kutunzwa na kupendwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetunga vipimo vya kuwaamulia paka hao.

Tazameni, basi, chanzo hicho. Bunduki zilitolewa kwa sababu mbwa walihukumiwa kama watumishi wa mwindaji. Paka walionyeshwa ili wahurumiwe. Katika mwanzo wote wawili uzuri haukuwa bwana. Ulikuwa mtumishi wa jambo jingine, kazi kwa upande mmoja na huruma kwa upande wa pili. Swali la kimaadili linaanza pale mtumishi anapogeuka bwana.

Sasa tumwangalie anayeanza. Desturi inamtaka afuate hatua ambazo zina hekima ndani yake. Hatua ya kwanza ni kwenda kwenye maonyesho bila mnyama, akae pembeni, atazame na kusikiliza. Hatua ya pili ni kusoma kipimo cha aina anayoipenda, neno kwa neno, na kujiuliza kila neno lina maana gani kwa maisha ya mnyama mwenyewe. Hatua ya tatu ni kumtafuta mfugaji anayeaminika, anayemruhusu mgeni kumwona mama wa watoto hao na mahali wanapolelewa, na anayeonyesha vyeti vya uchunguzi wa magonjwa ya kurithi. Hatua ya nne ni kuhakikisha kwamba mtoto huyo ameandikishwa katika daftari la chama, kwa maana asiye na jina daftarini haingii katika mashindano ya nasaba.

Baada ya hapo huja malezi, na hapa ndipo kazi ilipo. Mbwa hupelekwa maonyeshoni kwa kawaida akiwa ametimiza miezi sita. Kabla ya hapo hana budi kuchanjwa, kuzoeshwa umati na makelele, kufundishwa kutembea kwa kamba bila kuvuta, na kusimama kimya wakati mkono wa mgeni unapompapasa. Mwamuzi atamfungua mdomo atazame meno, atampitisha mkono mabegani, mgongoni na miguuni, kisha ataamuru atembezwe kwenda na kurudi ili auone mwendo wake. Mbwa mdogo huwekwa juu ya meza. Paka naye huzoeshwa kibanda, kuinuliwa na kushikwa. Katika maonyesho mengi ya Uingereza paka wamezoea kuwekwa katika vibanda vyenye blanketi jeupe, bakuli jeupe na chombo cheupe cha mchanga, kila mmoja akiwa na namba tu bila jina, na wenyewe hutakiwa kuondoka ukumbini wakati wa uamuzi, ili mwamuzi asijue paka huyu ni wa nani. Ni kanuni nzuri hiyo. Laiti ingefuatwa kila mahali penye kuamua juu ya watu!

Yote haya hayapatikani kwa siku moja. Mnyama anayesimama kwa utulivu mbele ya mgeni amefundishwa kwa subira, mara nyingi kwa dakika chache kila siku, kwa sauti ya upole na kipande cha nyama. Aliyepigwa hujulikana, maana hunywea mwamuzi anapomkaribia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na katika ulingo wa maonyesho methali hii huthibitika hadharani. Hapo ndipo ninapoona utetezi wa kwanza wa desturi hii. Inamfundisha mtu kumtazama mnyama wake kwa makini: kujua meno yake, ngozi yake, kucha zake, hofu zake. Wangapi miongoni mwetu wana mbwa uani na hawajui ana umri gani, wala hawakumbuki alichanjwa lini dhidi ya kichaa cha mbwa, kama alipata kuchanjwa? Mbwa wa kijiji hulinda nyumba usiku kucha na asubuhi malipo yake ni jiwe. Paka hufukuza panya ghalani na akiugua hutupwa kichakani. Wala dini isitumiwe kuwa kisingizio. Katika nyumba nyingi za Waislamu mate ya mbwa huhesabiwa kuwa najisi, na kwa hiyo hulala nje. Lakini kulala nje si ruhusa ya kumtesa. Kabla hatujamcheka Mzungu anayempaka mbwa wake mafuta, tuitazame mikono yetu.

Utetezi wa pili ni wa nasaba yenyewe. Maji hufuata mkondo, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Mfugaji anayejua wazazi, mababu na mababu wa mababu wa mnyama anaweza kutabiri kwa kiasi ukubwa wake, hali yake na magonjwa yanayoweza kumfikia. Mbwa wa kuchunga kondoo, wa kunusa, wa kuongoza vipofu, wote ni matunda ya kumbukumbu za namna hiyo. Kuandika nasaba, kwa hiyo, si kosa. Ni elimu, kama elimu yoyote nyingine ya mfugaji wa ng'ombe anayejua fahali gani alizaa mtamba gani.

Lakini kila elimu ina shimo lake. Daftari la nasaba lina milango, na milango hiyo ikifungwa, waliomo ndani hubaki wakioana wao kwa wao kizazi baada ya kizazi. Ugonjwa uliojificha katika babu mmoja aliyeshinda vikombe vingi huenea kwa wajukuu wote, kwa kuwa kila mtu alitaka damu ya mshindi. Aidha, kipimo kikisema pua iwe fupi, mwenye kutaka ushindi atatafuta iliyo fupi zaidi ya jirani yake. Kikisema ngozi iwe na mikunjo, atatafuta mikunjo zaidi. Hakuna aliyeamua kumdhuru mnyama. Kila mmoja alisogea hatua moja tu. Baada ya miaka mia moja hatua hizo zimefika mahali ambapo mbwa hawezi kupumua vizuri siku ya joto, na bulldog wengi hawawezi kuzaliwa ila kwa kupasuliwa tumbo la mama yao. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: waliotunga methali hiyo hawakuwa wakimfikiria mbwa, lakini wangemwona wangeitumia.

Mambo haya hayakubaki siri. Mwezi wa Agosti mwaka 2008 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha filamu ya uchunguzi juu ya magonjwa ya mbwa wa nasaba, na mwaka uliofuata shirika hilo likaacha kutangaza maonyesho ya Crufts. Chama cha mbwa cha Uingereza kikavipitia upya vipimo vyake. Mwaka 2012 Crufts ilianza kuwataka madaktari wa mifugo kuwakagua washindi wa aina kumi na tano za mbwa zilizofikiriwa kuwa hatarini, na washindi sita wakakataliwa kuendelea. Fikirini maana yake: mwamuzi alimtazama mbwa akasema, huyu ndiye bora wa aina yake, daktari akamtazama mbwa yule yule akasema, huyu si mzima. Wote wawili walifanya kazi yao kwa uaminifu. Kosa halikuwa katika jicho la mwamuzi bali katika kipimo alichopewa.

Huko Norwei jambo limefika mahakamani. Mwaka 2022 mahakama ya Oslo iliamua kwamba uzalishaji wa mbwa aina ya English bulldog na Cavalier King Charles spaniel ulivunja sheria ya ustawi wa wanyama. Rufani ikawaondolea hatia wafugaji wa bulldog, lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilithibitisha uamuzi kuhusu Cavalier, mbwa mdogo mwenye sura ya kupendeza ambaye mara nyingi fuvu lake halimtoshi ubongo na moyo wake huchakaa mapema. Kwa paka tuna mfano wa Scottish Fold, ambaye masikio yake yaliyokunjwa huwafurahisha watu. Kile kinachokunja sikio ni kasoro ya gegedu, na gegedu haipo masikioni tu. Ipo katika viungo vyote, na paka huyo huweza kuishi na maumivu ya viungo maisha yake yote. Ndiyo sababu chama cha paka cha Uingereza kiliacha kuwaandikisha paka hao tangu miaka ya 1970. Mtu humtazama paka aliyetulia na kusema, ni mpole huyu. Kumbe pengine hatembei kwa sababu kutembea kunauma.

Harrison Weir mwenyewe aliiona hatari hii mapema. Mwaka 1887 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha taifa cha paka cha Uingereza, na baada ya miaka michache akajiuzulu. Sababu aliyoieleza ni kwamba wanachama wengi walikuwa wakitafuta zawadi kuliko ustawi wa paka. Mtu aliyelianzisha jambo kwa huruma aliliacha alipoona huruma imetoka na utepe umebaki. Mwenye kuanza leo na amkumbuke mzee huyo.

Hata hivyo mfano unaonigusa zaidi unatoka katika ardhi hii yetu ya Kongo. Kuna mbwa mdogo wa msituni, mwenye masikio yaliyosimama, paji lenye mikunjo na mkia uliojiviringa mgongoni. Habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti inayokaribia kuimba. Kwa hiyo wawindaji humfunga njuga ya mti shingoni wapate kujua yuko wapi. Huko ng'ambo anaitwa Basenji, jina linaloelezwa kuwa latokana na maneno ya Kilingala yenye maana ya mbwa wa washenzi. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kamusi kuutambua undugu wa neno hilo na letu. Mwaka 1895 mbwa wawili wa aina hiyo walionyeshwa Crufts, kisha wakafa kwa homa ya mbwa. Mwaka 1937 wengine wakaonyeshwa tena hapo, na safari hii wakashika mizizi. Wakaandikishwa, wakatungiwa kipimo, na mlango wa daftari ukafungwa. Shenzi akawa mstaarabu. Na katika Kenya ya walowezi, miaka hiyo hiyo, mbwa yeyote asiye na cheti aliitwa shenzi.

Lakini waliotoka Kongo walikuwa wachache, na wazao wao walizaana wao kwa wao. Magonjwa yakaanza kujitokeza, likiwamo moja la figo lililowaua wengi. Ikawaje? Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walifunga safari hadi kaskazini ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, wakaingia vijijini wakitafuta mbwa wa wawindaji, wasio na cheti wala namba. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kikalifungua daftari lake na kuwaandika mbwa kumi na wanne wa vijijini, ili damu yao iiponye damu iliyoitwa safi. Walioitwa safi waliokolewa na walioitwa shenzi. Mwindaji wa kijijini, ambaye hakupata kusoma kipimo chochote, alikuwa amehifadhi kile ambacho chama chenye makabati ya kumbukumbu kilikuwa kikikipoteza. Kipimo chake kilikuwa kimoja: mbwa huyu anaweza kazi au hawezi?

Habari ya paka wa Sokoke haiko mbali na hiyo. Katika pwani ya Kenya, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, Wagiriama walimjua tangu zamani paka mwenye madoa kama gome la mti, wakamwita kadzonzo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Jeni Slater, aliyeishi huko, alichukua watoto wachache akawalea. Katika miaka ya 1980 baadhi ya wazao wao wakapelekwa Denmark, na katika miaka ya 1990 wakatambuliwa rasmi kuwa aina yenye nasaba. Paka yule yule aliyekuwa akizunguka katika minazi bila mtu kumtazama mara mbili, leo ana cheti. Mnyama hakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba aliandikwa. Hapo tunajifunza kwamba nasaba haianzi katika damu. Huanza pale mtu anaposhika kalamu.

Tusiliache jambo hili bila kugusa mpaka wake. Fikra ya damu safi haikubaki bandani. Francis Galton, Mwingereza aliyehubiri kwamba uzazi wa binadamu uchaguliwe kama uchaguliwavyo uzazi wa mifugo, mwaka 1897 alitumia kumbukumbu za nasaba za mbwa aina ya Basset kujengea kanuni yake ya urithi. Katika nchi za maziwa makuu walikuja watu waliopima pua na vimo vya wenyeji. Na katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwaandikia watu wa Rwanda kabila lao katika vitambulisho. Mwaka 1994 karatasi hizo zilitosha kumtoa mtu roho kizuizini. Sisemi kwamba anayempenda mbwa wa nasaba ana hatia ya mambo hayo. Ingekuwa dhuluma kusema hivyo. Nasema kwamba anayezoea kuuliza "damu yako ni safi?" hana budi kujua swali hilo limepita wapi, na kulizuia lisivuke mlango wa banda.

Nalo la lugha? Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha. Kazi ile ilikuwa na faida kubwa, nasi tunaofundisha tunaila matunda yake: vitabu, kamusi, mitihani, na uwezo wa mwalimu wa Bukavu kusoma kilichoandikwa Dar es Salaam. Kipimo kinahitajika. Lakini mtoto wa Kivu au Katanga anayekuja darasani na Kiswahili cha nyumbani kwao, kile ambacho zamani kiliitwa Kingwana kwa sauti ya dharau, hasikii vizuri tukimwambia kwamba anachosema si lugha. Naye ni mbebaji wa damu ambayo huenda siku moja daftari letu likaihitaji. Kiswahili sanifu chenyewe kimenenepa kwa maneno yaliyoingia kutoka Kimvita, Kiamu, lugha za bara na za ng'ambo. Mlango ungefungwa kabisa mwaka 1930, tungekuwa leo na lugha nzuri ya kutazama, yenye pua fupi, isiyoweza kupumua.

Nitakubali kwamba mfano huu una kikomo. Lugha haiumwi, mbwa huumwa. Mwanafunzi anaweza kumjibu mwalimu, au kukua na kutunga kipimo chake, paka hawezi. Hii ndiyo tofauti inayolifanya deni la mwonyeshaji kuwa kubwa kuliko letu. Mnyama hakuomba kuzaliwa na umbo lile, hakuyasoma maelezo, hajui kikombe ni nini. Hadhi yote ya ushindi humwendea mtu, na gharama yote ya umbo humwendea mnyama. Mkataba ambao faida ina mwenyewe na hasara ina mwenyewe mwingine, haki yake huwa ni dhamana: yule mwenye nguvu huchukuliwa kuwa ameshika amana ya asiye nayo, na ataulizwa.

Kwa hiyo anayetaka kuanza, ajiulize maswali matatu. La kwanza: sifa hii inayosifiwa, je, mnyama mwenyewe angeichagua? Manyoya mengi yanayochanwa vizuri hayamdhuru. Pua isiyopitisha hewa humdhuru. Kipimo kikigongana na pumzi, pumzi itangulie, hata kama utepe utakwenda kwa jirani. La pili: kama huyu asiposhinda hata mara moja, nitamtunza vile vile? Mfugaji yeyote hupata watoto wengi wasiofikia kipimo kuliko wanaokifikia. Wako waliowaua watoto wazima kwa kukosa alama moja ya aina yao. Na wako wanaowatafutia nyumba nzuri na kuwatembelea. Tofauti ya watu hawa wawili haionekani siku ya maonyesho, lakini ndiyo tofauti yenyewe. La tatu: nitakapojua kwamba bingwa wangu anabeba ugonjwa wa kurithi, nitasema ukweli au nitauza watoto wake? Hapa ndipo vikombe vinapojaribu watu.

Ambaye majibu yake ni safi, na aanze bila haya. Na asiye na fedha za kumnunulia mnyama wa nasaba asidhani kwamba mlango umefungwa. Maonyesho mengi ya paka yana sehemu ya paka wa nyumbani wasio na nasaba, ambao huamuliwa kwa afya, usafi, upole na haiba yao. Uingereza kuna pia shindano la mbwa wa mchanganyiko, ambalo fainali yake hufanyika Crufts. Huko hakuna anayeuliza babu alikuwa nani. Mwamuzi hutazama macho yanayong'aa, manyoya yaliyotunzwa, na namna mnyama anavyomgeukia mwenyewe anapoitwa. Shule zetu zingeweza kuanzisha jambo kama hilo bila gharama kubwa: siku moja katika mwaka, watoto walete mbwa na paka wao wa uani, daktari wa mifugo awachanje, na zawadi apewe mtoto ambaye mnyama wake amelishwa, ni safi, na hamwogopi. Mtoto atakayejifunza kwamba mbwa koko ana meno ya kukaguliwa na jina la kuitwa, hatakuwa mwepesi wa kumwita mwenziwe koko.

Kipimo basi tusikitupe, maana bila kipimo hakuna malezi wala ufundi. Lakini kila kipimo kiwe na dirisha ambalo hewa ya nje itaingia, na kila anayekishika akumbuke kwamba kiliandikwa na mkono wa binadamu, na mkono huo unaweza kukiandika upya. Mbwa wa msituni hakuwa shenzi kabla hatujamwita hivyo, wala hakuwa bora siku alipopata cheti. Alikuwa mbwa siku zote. Aliyekuwa akipimwa ni mtu.